Y Iliyosimama Wima

Jumatatu, 4 Machi
Ametoka! Yule kiwavi wa mlimau, niliyedhani ni kinyesi cha ndege – kumbe kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano, ukurasa wa 31 wa kitabu changu. Shangazi kashangilia kunishinda. Eti kumbe likizo ya mwalimu nayo ina faida. Kichwa kimenivimba, kusema kweli.

Jumatano, 6 Machi
Viwavi kwenye mahindi ya shangazi! Wa kahawia, wamejificha katikati ya majani machanga. Bwana shamba kapita na pikipiki, hata injini hakuzima: huenda ni viwavijeshi, tazameni kichwani, wana alama ya Y iliyopinduka. Mkiiona, pigeni dawa siku hiyohiyo. Shangazi mbio kuazima bomba kwa jirani. Nikamsihi asubiri nitazame kwanza. Huenda wakawa vipepeo nisiowajua! Mmoja nimemtia kwenye chupa, na kijiti cha kupandia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimetazama kwa lenzi. Anapanda kijiti. Y ipo, lakini imesimama wima, kama ninavyoiandika ubaoni. Haijapinduka! Nikamwambia shangazi si wenyewe, ni vipepeo tu. Kaniuliza mara mbili: "Una hakika, mwanangu?" Nina hakika. Bomba limerudishwa.
Kitabuni simwoni, lakini. Nimepekua chote.

Jumamosi, 9 Machi
Sina raha. Kitabu ni cha vipepeo peke yake – nondo hata mmoja hamna! Sasa kama ni nondo, ningemwonaje humo? Leo nimekwenda shambani mara tatu. Majani yametobolewa ovyo. Na shamba hilo ndilo chakula cha shangazi cha mwaka mzima. Shangazi anawatangazia majirani kwamba mtoto wa kaka yake ni mtaalamu. Nyamaza, shangazi!

Jumapili, 10 Machi
Chai imenipoa mkononi. Kiwavi kafika juu ya kijiti, kageuka, kaanza kushuka kichwa chini. Y ikageuka naye.
Imepinduka.
Mimi! Mwalimu wa darasa la kwanza, kila siku nawageuzia watoto madaftari!
Siku nne zimepotea. Na bomba jirani kampa mtu mwingine, ng'ambo ya mto. Naona aibu.
Ndala za shangazi hizo, uani. Yuko mlangoni na kopo. Anauliza kama chupani kuna nafasi – kaniokotea wengine, taratibu, asiwaumize. Waliobaki shambani nisiwe na wasiwasi nao, anasema. Kamkataza kila mtu asiwaguse.