Kitenge Juu ya Rafu

Jumapili, 2 Machi. Louisville

Nimefika ukumbini mapema. Kukunja mikeka. Kupanga viti. Kufunika rafu kwa kitenge, kile kile cha kuku na vifaranga. Siku za kazi ukumbi huu ni shule ya ninjutsu, mapigano ya Kijapani. Jumapili ni kanisa letu, Wakongo wa mtaa wa Iroquois. Rafu ni ya shule: kijumba cha mbao, matawi mabichi, kikombe cha maji. Ni mahali pa miungu ya Wajapani. Wazee wa kanisa walikubali kupanga kwa Mwalimu Dale, mwenye shule, kwa sharti kwamba wasiione. Kazi ya kuifunika nikapewa mimi, shemasi mwaminifu.

Hawajui kwamba Jumanne na Alhamisi ninaifunua na kuiinamia. Mama anadhani niko kwenye masomo ya Kiingereza. Masikini, hata hajiulizi kwa nini Kiingereza changu hakiongezeki.

Kwaya imeimba ovyo. Mimi ndiye niliyekosea kuanza.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu Dale amenibakiza baada ya mazoezi. Moyo wake umechoka, daktari amemkataza mikeka. Mwisho wa mwezi anaacha. Mke alishafariki, mtoto hana. Anataka shule niirithi mimi.

Mkataba wa ukumbi unakwenda na shule. Nikikataa, anafunga na mwenye jengo anachukua funguo. Kanisa nalo nje, na viti vyake.

Nikikubali, naapa kwa damu. Ndiyo desturi ya shule. Mrithi anaandika jina lake, anatoboa kidole, anabonyeza damu juu ya jina. Anaapa kwa miungu ya rafu ile kwamba siri za shule hazitatoka kinywani mwake. Mwalimu anasema maneno hayabadilishwi, lakini nisiogope, ni desturi tu, tone moja. Akacheka hata.

Desturi tu! Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, babu yangu alichanjia damu na jirani, wakawa ndugu. Tangu siku hiyo njaa ya jirani ikawa yetu na misiba yetu ikawa yake. Baadaye tukaokoka, kanisa likakataza. Anayechanjia sasa anatengwa.

Nikisema ndiyo, kanisa linanitoa. Nikisema hapana, kanisa linatoka. Nimebanwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo Mwalimu alikaa kwenye kiti, akatusimulia historia. Watu wa Iga, kule Japani. Wakulima wa milimani, si mabwana wa vita. Walijifunza kujificha na kupeleleza kwa sababu walikuwa wachache. Jeshi kubwa likawazingira, likachoma vijiji. Waliopona wakavuka milima usiku, ujuzi wao ukiwa kichwani.

Niliinamisha uso. Hakuna aliyeniona nikilia, nadhani.

Kijana mmoja mjuaji akasema amesoma kwamba majina ya kwanza ya nasaba ya shule yametungwa. Mwalimu akakubali bila kugombana. Ya karibuni yana ushahidi, ya zamani hayana, yeye anayapokea kama alivyoyapokea. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Najua ukoo wako unapoitwa wa kubuni inavyouma. Sisi tulifukuzwa milimani kwa maneno hayo hayo, kwamba kabila letu ni la kubuni.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu ya kufunga maboksi ghalani tangu alfajiri. Mgongo umekufa.

Shule inafundisha njia tano za kutoroka. Kwa maji, kwa moto, kwa miti, kwa udongo, kwa chuma. Nimezipitia zote nikifunga maboksi. Hakuna hata moja ya kumtoroka mama yako.

Mbona nisiache tu? Kwa sababu kabla ya mikeka ile nilikuwa naruka kila mlango ukibamizwa. Sasa sirukiruki. Kwaya haikuniponya hilo. Maombi hayakuniponya. Nikiyasema haya kanisani watanipigia magoti waniombee.

Jumatano, 12 Machi

Nimekubali. Nilimpigia Mwalimu wakati wa mapumziko kazini, nikasema ndiyo haraka kabla sijabadilika. Halafu nikarudi kwenye maboksi.

Jumapili hii kaka yangu mkubwa, mchungaji kule Buffalo, anamweka mtoto wake wakfu, na mimi ndiye ninayempeleka Mama kwa gari. Njiani tutapita Columbus. Anakaa huko Keiko, mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu, mtafiti wa chuo kikuu. Ndiye shahidi wa kiapo, na kitafanyika kwake. Mwalimu atatangulia. Nimemwambia Mama tutamsalimia rafiki kidogo tu.

Uongo unazaa kama panya.

Jumamosi, 15 Machi. Columbus, kisha Buffalo

Nyumba ya kupanga karibu na chuo, baiskeli barazani. Nilimwacha Mama kwenye gari na blanketi na chai. Ndani, rafu ndogo juu ya kabati la vitabu. Keiko akasoma kiapo. Niliandika jina. Nilitoboa kidole.

Nilipobonyeza tu, mlango ukafunguka. Mama. Alikuwa anatafuta choo.

Aliitazama karatasi, akakitazama kidole. Anakijua kitu hiki, alikiona kwa baba yake akiwa mtoto. Akamtazama Mwalimu kwa muda mrefu, yule mzee mrefu mwenye soksi zilizotoboka. Keiko akamwonyesha choo.

Kutoka Columbus hadi Buffalo ameikodolea macho barabara. Hata redio hakuiwasha. Nilitamani anipige.

Jumapili, 16 Machi. Buffalo

Theluji bado ipo mtaa wa West Side. Nyumba ya kaka ni ya mbao, kila ngazi inalia. Kanisa lilijaa. Kaka alihubiri juu ya agano. Nilihisi kidole kinapiga kama moyo.

Mezani kaka akaona plasta. Akauliza. Mama akajibu kabla yangu kwamba nilijichoma sindano nikishona. Mama! Mtu ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mwenye nyumba.

Baadaye akanivuta jikoni, maji yakiwa wazi ili tusisikike. Maneno yake nayaandika kama yalivyo:

"Nimebeya uongo leo juu yako. Kesho sibeye tena. Utamwambia kaka yako weye mwenyewe."

Nikasema watanitenga.

"Bon, batakutenga. Lakini damu haichanjiwe mu siri kama mwizi. Inafunga jamaa yote. Donc, ule muzee ni mutu wetu sasa. Nani anamupikiaka?"

Miaka yote hii sijawahi kujiuliza Mwalimu anakula nini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia kaka kabla hatujaondoka. Uso wake ulizima. Hakupaza sauti, heri angepaza. Akataka nitubu, na toba ni kusema yote: niliapa nini, kwa maneno gani. Nikasema niliapa kutosema, na sisemi. Akasema basi hataweza kunitetea. Atawapigia wazee wa Louisville mwenyewe.

Nimemkasirikia Mwalimu kwa kucheka kwake akisema ni desturi tu. Nimemkasirikia kaka. Mama alilala njia nzima, au alijifanya amelala.

Ijumaa, 21 Machi

Wazee wameniita. Nimevuliwa ushemasi. Kwaya hapana, meza ya Bwana hapana, benchi la nyuma mpaka nitubu. Kisha mmoja wao akakohoa, akauliza kwa upole kama ukumbi utaendelea kupatikana Jumapili.

Nikasema utapatikana. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jumanne, 25 Machi

Mwalimu amenikabidhi funguo. Mama alikuja nami, kwa miguu yake, na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na bugali iliyofungwa kitambaa. Hakuvua viatu, akakanyaga mikeka navyo. Akamkalisha Mwalimu, akamsimamia mpaka akamaliza. Hawaelewani hata neno. Alipomaliza kula, Mama akamwonyesha kwa vidole: Jumapili, hapa, uje. Kisha akaniambia mtu wetu haachwi kwenye gari kama alivyoachwa yeye, watu wake wakiwa ndani.

Jumapili, 30 Machi

Nilifungua mlango mimi, maana funguo ni zangu. Nikakunja mikeka, nikapanga viti. Nilipochukua kitenge, mzee wa kanisa akasema hapana, aliyetengwa asiguse kitu cha ibada. Wakasimama pale wakitazamana. Hakuna aliyetaka kuikaribia rafu.

Mama akapanda kiti, akaifunika mwenyewe. Kitenge kimekaa upande, kuku kichwa chini.

Nilikaa benchi la nyuma. Mwalimu Dale alikuja, amechana nywele, akaketi kando yangu. Walipoimba nilifunga mdomo kama nilivyoamriwa. Yeye hakuujua wimbo wala lugha, akaimba.

Kaka hajapiga simu. Kidole kimepona. Jumanne kuna wanafunzi wapya, lazima nifike mapema kubadilisha maji ya kikombe cha rafuni.