Mposaji wa Noela

Ilemela, Mwanza

Mdogo wangu Celestina,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Migomba uliyoniletea imeshika, ingawa udongo wetu ni mawe matupu.

Uliniagiza nimchunguze Agnelo, Mhindi wa Goa anayefundisha kriketi hapa, kabla hatujajibu posa yake kwa binti yako Noela. Nakiri nilimshuku. Anasema aliichezea timu ya jimbo lao miaka tisa, akiwa mpigaji na mrushaji vilevile. Nikajiambia, mwenye kazi mbili huenda ana nyumba mbili.

Jumamosi moja nilikwenda uwanjani bila kumwarifu. Hurusha mpira taratibu, nao ukidunda hupinda. Hilo nikaliona hila. Zamu yake ya kupiga ilipofika, mpira ulipita kando ya gongo lake, ukadakwa nyuma yake.

"Katoka huyo!" wapinzani wakapaza sauti.

Mwamuzi akakataa. Agnelo akatoka mwenyewe.

Nikamsogelea. "Nani amekutoa?"

"Shikamoo, Mzee. Mpira umegusa gongo kabla ya kudakwa, na hapo mpigaji hutoka."

"Marahaba. Mbona mwamuzi hakuona?"

"Mimi nimesikia."

Hata hivyo nilimwandikia paroko wa kwao kwa siri, nikiuliza kama cheti chake cha ubatizo kina kumbukumbu ya ndoa. Amejibu kwamba hakina. Basi nimeikubali posa, na jana nikamweleza Agnelo nilichofanya.

Akacheka. "Mama yangu naye amemwandikia paroko wako, Mzee, akiuliza habari zenu."

Tangu hapo sina raha. Paroko wetu ananifahamu mno.

Kaka yako katika Kristo,
Muganyizi