Asukile, Fundi Bustani, Chini ya Saruji

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Tusekile, tangu uache kutukaripia kwa kukanyaga miche yako. Tulitaka siku ya leo tukupe maneno matamu matupu. Tumeshindwa. Kinyaa kimetujaa mpaka kooni, na wewe hukupenda mtu aone kitu kibaya halafu akisifie kwa adabu.

Anayesema ni mimi, mkeo Damari. Watoto wako Tusekile na Philbert wamekaa hapa kunikumbusha.

Uliondoka kwenu Mbeya ungali kijana, kwa miguu, ukaenda Mufindi kuchuma chai. Kule upande wa Igowole wakakutoa kwenye chai wakakuweka kitaluni, umwagilie miche. Bibi wa shamba alitaka mawaridi mbele ya nyumba, nawe ukampandia kwa mistari iliyonyooka, ukajiona fundi. Ukungu wa Mufindi ukayaozesha yote. Ulitusimulia mara nyingi ile harufu, kama matambara yaliyosahaulika ndani ya ndoo, na kila mara ulikunja pua upya. Ulisema harufu ile ndiyo shule yako. Tangu hapo hukupanda kitu kabla ya kutazama mahali penyewe panataka nini.

Ukaenda Iringa, kupanga uwanja wa hospitali ya misheni, katikati ya yale majabali makubwa. Walitaka majabali yapakwe chokaa yapendeze. Ukatupa brashi vichakani. “Jiwe halina aibu,” ukawaambia, “mbona mnalivika kanzu?” Chokaa uliichukia hivyo, kama wengine wanavyochukia nyoka, na hatukujua kwamba siku moja tungeichukia kwa niaba yako.

Mvua iliponyesha watu walikimbilia barazani, wewe ukatoka na gunia kichwani kutazama maji yanapita wapi. Mvua ikikatika ulikaa kwenye ngazi ukitazama watu wanapita wapi. Muuguzi Juliana alichoka kukuona umekaa.

“Fundi, kazi utaanza lini?”

“Nimeshaanza, dada. Nawaangalia miguu.”

Njia ulizitengeneza pale miguu ilipokwisha kuzichora, na hakuna mgonjwa aliyeruka ua wako. Ulijisifu mno kwa hilo. Ulikuwa mtu wa majivuno, tusidanganyane. Hata kanisani ulikuwa ukigeuza shingo wakati wa mahubiri kutazama michongoma yako dirishani.

Jina lako likarudi Mbeya kabla yako. Ukapanga uwanja wa kanisa letu, shule mbili, na bustani ya mbele ya baraza la mahakama. Hiyo ya barazani twende tukaione leo, Baba Tusekile? Usiende. Magunzi ya mahindi, maganda ya miwa, na ule ua wako wa nyuma wamegeuza choo, unanuka kuanzia barabarani. Ulipokuwa hai walikuogopa. Tunamkumbuka yule karani uliyemmwagia ndoo ya maji kwa nyuma angali anafungua suruali. Alikwenda kushtaki, mahakama yote ikacheka. Siku hizi nadhani anakwenda pale bila haraka.

Lakini watu wa mbali wana udhuru wao. Linalotutapisha liko nyumbani kwetu, nyuma ya nyumba, hapo ulipolala.

Ulipougua ulituita wote, na mdogo wako Gideoni akiwepo, mzee wa kanisa na koti lake. Ukasema, “Msinifunike saruji. Udongo nimeukanyaga maisha yangu yote, na wenyewe uacheni unikanyage. Otesheni nyasi, basi.” Sote tukaitikia. Gideoni aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mvua za Januari hazijaisha akaja na mafundi. Mimi nilikuwa kwa dada yangu Marta, anaumwa. Niliporudi nilikuta kitu kama meza ya bucha. Saruji juu, saruji pembeni. Mawe yamepangwa kuizunguka, yote yamepakwa chokaa. Chupa za soda zimechomekwa vichwa chini. Makopo ya samli yamewekewa maua ya karatasi, na baada ya mvua maji yakaoza ndani yake, viluwiluwi wakacheza. Nilishika ukuta wa jiko nikatapika kweli.

“Shemeji, si umeona?” Gideoni akaniambia, anang’aa uso. “Sasa limekaa kizungu. Mtu akipita anajua, hapa amelala mtu.”

“Na maneno ya marehemu?”

“Aa, shemeji. Yule alikuwa mgonjwa. Watu watasema tumemtupa kama mbwa. Mimi ni mzee wa kanisa.”

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Maisha yako yote umekimbizana na chokaa, na aliyekupenda kuliko wote ndiye aliyekupaka. Maana alikupenda, hilo hatulikatai, na ndilo linaloongeza kichefuchefu. Adui tungemfukuza kwa fimbo. Huyu alilia huku anakoroga saruji, mafundi wenyewe wamesema.

Wazee wa kanisa wakaja kusifu. Wakasema kubomoa kaburi ni laana, mjane asithubutu. Tukakaa, tunapita pale tumefumba macho.

Ila Gideoni hakuwahi kukusikiliza ulipofundisha kazi. Fundi hupimia kwa vigingi vikavu, ulituambia hivyo sisi sote hadi tukachoka: “Anayepima kwa kigingi kibichi cha mkuyu hajapima, amepanda.” Yeye asubuhi ile alikosa vigingi, akakata matawi ya mkuyu wetu wa nyuma ya jiko, akayapigilia pembe zote za kaburi apate kuvuta kamba. Vitatu aliving’oa. Cha upande wa kichwa kilishikwa na saruji, wakakikata juujuu wakakiacha.

Kikachipua. Tusekile ndiye aliyeona, akaniita kwa ishara kama aliyeona ndege. Hatukumwambia mtu. Sasa umefika gotini, una majani mapana ya kijani kibichi.

Wiki iliyopita Gideoni akaja kusafisha kwa ajili ya siku hii. Alikuja na panga.

“Shemeji, sogea hapo. Huu mti utapasua simenti.”

“Ndiyo, shemeji. Utapasua.”

“Sasa nani kaupanda mti kaburini?”

“Wewe.”

Alibisha. Halafu akainama, akapapasa kile kisiki kilichokaa ndani ya saruji, akakitambua. Akakaa juu ya jiwe lake mwenyewe, suruali ya kanisani yote ikawa chokaa. Akaanza ule msemo wako, “Anayepima kwa kigingi kibichi...”, akashindwa kuumaliza. Nikamwacha alie. Kisha akachukua kopo moja, akatupa maua ya karatasi, na yale maji akayamwaga kwenye shina.

“Yananuka hayo,” nikamwambia.

“Mti haujali, shemeji.”

Mawe na chupa anakuja kuondoa mwenyewe Jumamosi. Saruji hatutaigusa, wazee wa kanisa walale usingizi. Tumeikabidhi kwa mkuyu.

Jumapili baada ya ibada tutakutana nyumbani. Anayekuja asilete kopo wala ua la karatasi, tutamrudisha nalo. Alete maji, na apite pale miguu yake inapompeleka.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Damari, watoto wako Tusekile na Philbert, shemeji yako Marta, na mdogo wako Gideoni, ambaye ameomba jina lake liwe la mwisho. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba Tusekile. Upande wa kichwa chako saruji imeshapata ufa, mwembamba kama unywele, na kila asubuhi tunakwenda kuutazama.