Jina la Mama Ubaoni

Jumatatu, 4 Machi 1991
Nimesahihisha madaftari ya Darasa la Sita. Makosa mengine nimeyapita bila kuyaona. Baba yuko mochari tangu Alhamisi. Leo tangazo la kifo chake limebandikwa kwenye ubao wa duka la Mzee Okelo, ambapo soko zima la Kombewa husoma misiba. "Mume wa Salome." Basi. Mama yangu, mke wa pili kwa miaka ishirini na sita, hayumo. Aliyeandika ni Odhiambo, mwana wa mke mkubwa Salome, ndugu yangu wa kambo. Namchukia.

Jumanne, 5 Machi
Nimebandika langu chini ya lao. Sentensi moja: "Marehemu ameacha wajane wawili, Salome na Perpetua." Saa kumi halikuwapo. Okelo alikuwa anapima sukari, hakuinua kichwa.
"Mwalimu, ukuta ni wangu. Ugomvi wenu upelekeni bomani."
"Lao umeliacha."
"Lao lilitangulia."
Mteja mmoja akadakia, "Mke wa pili anataka ukurasa wa kwanza!" Wakacheka wote.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika tena. Limeng'olewa tena. Ukuta ni wake, kweli. Lakini ni yeye aliyezoesha soko zima kusoma ukuta mmoja. Asiyekuwa pale hayupo duniani. Mama ameuliza atakaa wapi siku ya mazishi. Mjane asiyetajwa hukaa na majirani.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelibandika tangazo langu kwenye mlango wa kibanda cha dagaa wa omena cha Mama, mkabala na duka. Herufi kubwa. Watu wakavuka barabara kusoma. Okelo kwa hasira akang'oa kila kitu ubaoni, hata tangazo la akina Odhiambo. Odhiambo akaja nalo kibandani kwetu.
"Dada, niwekee hapa."
Nikamwambia mlango ni wetu. Nilifurahi kusema hivyo. Nilifurahi mno.
Mama akamnyang'anya karatasi, akaibandika kando ya yangu.
"Wasome zote. Watu si vipofu."
Nilimkasirikia hadi jioni.

Jumamosi, 9 Machi
Tumemzika Baba. Odhiambo hakunisalimu. Mama alisimama nje ya turubai, pamoja na majirani. Mama Salome alimtazama. Akajisogeza kwenye mkeka wa wajane, akaacha nafasi ya mtu mmoja.
Mama akaenda akaketi.