Mchunga wa Mama Kwenye Beseni Bovu

Jumatatu, 5 Mei
Nimetia mafuta cherehani, nimekunywa chai, nimefungua duka. Bila mimi Makandana yote ingetembea uchi. Hata mvua ya Tukuyu hunisubiri niingie ndani ndipo inyeshe.

Mama hali. Uji anaonja tu, anasukuma kikombe. Anataka mchunga, yale majani machungu ya kwao Tanga, tulikohama mimi nikiwa mdogo. Hapa kuna ndizi, viazi, chai. Mchunga wa kwao hakuna.

Nimetangaza sokoni nitauotesha. Nimelelewa kwa mchunga mimi, nikawaambia, ndiyo maana nilimkimbiza chui kule Kinyala kwa mkasi mtupu. Wamecheka. Wacheke.

Alhamisi, 8 Mei
Dereva wa lori kaleta mbegu kutoka Tanga ndani ya kiberiti. Zina manyoya meupe, ukikohoa zimeondoka. Nimezifukia nyuma ya nyumba, chini sana, kama mahindi. Ardhi hii hata ukipanda kifungo inaota shati.

Zilizonasa kwenye kiberiti, mke wangu Zena kazikung'utia juu ya udongo wa beseni bovu, penye vitunguu vyake. Hakuzifukia hata kidogo. Nimemwambia anachezea mbegu.

Jumatano, 21 Mei
Mashimo yangu kimya. Beseni limeota.

Zena kaliona. Anaimba tu jikoni. Bora angesema.

Kumbe mbegu hii inataka kulala juu, ione mwanga. Sokoni nimesema ndiyo njia yangu. Miche mingi nimeihamishia nyuma ya nyumba, michache nimeiacha kwenye beseni.

Mama kaomba jani moja alinuse. Kasema mama yake alikuwa akiuchuma asubuhi, umande haujakauka. Sauti yake imekuwa ndogo, mikono imekonda. Naogopa.

Ijumaa, 13 Juni
Nimerudi msikitini, nyuma ya nyumba nimekuta udongo mtupu. Jirani yetu Mama Tusa, Mnyakyusa wa Lupepo, kanipalilia kwa wema wake. Kwao ua wenye magugu ni aibu ya mtaa mzima.

"Nimekuonea huruma, baba," akasema. "Fundi mzima, umezungukwa na majani ya ovyo."

Nikamjibu ndaga, asante ya kwao. Ningesema nini, naye jasho linamtoka?

Nimelia. Zena kaniona, nikasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumatatu, 16 Juni
Beseni sasa liko dirishani dukani, jicho langu halibanduki. Mteja kauliza kama siku hizi nashona majani. Nimemwambia ni dawa ya wafalme. Suruali yake nimeikata fupi.

Mama leo maji tu.

Jumapili, 6 Julai
Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Zena kachuma, kachemsha, kamwaga maji ya kwanza, katia tui la nazi za Kyela.

Mama kaonja. Kafumba macho. "Chungu," akasema, akatabasamu. Kala na ugali mpaka akafuta sahani kwa kidole. Halafu kaniita kwa jina alilokuwa akiniita Tanga, nikiwa sijaanza hata shule. Nilidhani limeshasahaulika duniani.

Kesho sokoni nitasema nimemponya. Hapa niandike ya kweli. Mimi mchunga haunipiti kooni. Haujanipita tangu Tanga. Leo tonge moja tu, nikageukia ukuta nikalitema. Sahani nimempa paka.

Kanusa, kaondoka.