Ramani ya Baba Imerudi

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Goti la Mama limepoa, na paka wako amezaa tena, safari hii juu ya shati lako la bluu.

Asante niliyokupa kwenye simu haikutosha. Ile ramani ya zahanati, kazi ya mwisho ya Baba, sikukueleza ilipoteaje. Ni Baba mwenyewe aliyeifungua asubuhi, akafuta vyumba vyote kimoja kimoja, akahifadhi, akazima kompyuta. Mafundi walikuwa wanaanza kuchimba msingi kesho yake. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama anayemtazama mgeni.

Ndipo nikakupigia nikilia, nawe ukasema, "Nyamaza, mdogo wangu. Kwenye folda ileile kuna faili la akiba, jina ni lilelile ila linaishia na 'bak'. Linakili kwanza, halafu kwenye nakala badilisha mwisho uwe 'dwg', kama ramani zake nyingine."

Nikafanya ulivyosema, nikaifungua nakala. Vyumba vyote vilikuwepo, hadi lile dirisha la wodi ya wazazi alilolihamisha mara tatu ili jua lisiwapige watoto wachanga.

Nikamwita Baba. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Kazi safi sana hii. Nani kaichora?"

"Wewe, Baba."

Akacheka, kaka, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kumbe mimi ni fundi!"

Mungu akuweke. Ukipata likizo, usichelewe kuja.

Mimi mdogo wako, mwenye deni la shukrani.