Mama Wawili wa Gasper

Ujiji, 12 Mei 1980

Dada Honorata,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto lina mambo yake. Nyie huko hamjambo? Mahindi mmevuna?

Dada, nilikwenda ofisini wanakoandika majina ya askari wetu waliofia vitani Uganda. Mwezi wa tisa yatasomwa uwanjani hapa Ujiji, na kila mama atasimama mwanawe akitajwa. Nikamwambia karani: Gasper Chande. Akafunua faili, akacheka. "Huyu mkimbizi, mama. Alivuka ziwa mwaka sabini na mbili. Hapa tunaandika wana wa Ujiji."

Nikamwuliza, risasi ilipomfuata ilimwuliza kwanza kwao wapi? Akajifanya anatafuta kalamu.

Wewe ulimzaa. Mimi nimemlea tangu alipoteremka mtumbwini Ilagala peke yake, ana miaka kumi na miwili, analia hajui mlikopotelea. Unasemaje? Mimi sinyamazi.

Mama mwenzio,
Mwanvua


Ulyankulu, 2 Juni 1980

Dada Mwanvua,

Amahoro, amani kwako. Sisi tunapumua. Pole na goti. Anayeniandikia ni Martini, katekista wetu.

Dada, nakuomba uache. Ukiwachokoza watasema ulidanganya ulipomwandikisha jeshini kwa jina la mumeo. Na sisi wakimbizi hata kutoka hapa ni kwa kibali.

Nakuficha nini? Mwaka umepita na sijafanya kuganduka, ile siku yetu ya kuumaliza msiba. Watu hukusanyika kwa pombe, mmoja husimama akamtaja marehemu mbele ya wote, ndipo wafiwa hurudi kwenye jembe kwa moyo mweupe. Hapa nani asimame? Gasper alikuja kuniona mara moja tu, kisha akaenda jeshini. Hawamjui. Nalima kwa sababu ya njaa, lakini nalima na msiba. Basi, tumwachie Mungu.

Dada yako,
Honorata


Ujiji, 21 Juni 1980

Honorata,

Salaam. Goti bado, mdomo mzima.

Nilidanganya nini? Mtoto aliyekula ugali na samaki wangu wa migebuka miaka sita, nikamkesha alipougua surua, Jumapili nikamwamsha mimi Mwislamu aende kanisani kwake, huyo si wangu? Ni wangu, na ni wako. Hatugombanii.

Sasa sikia. Karani amelegea. Anasema nikiapa kwamba nimemzaa mimi, jina litasomwa. Nimekataa! Nikufute wewe ili yeye asomwe? Siwezi, na Gasper asingenisamehe.

Hiyo kuganduka yenu tutaifanya hapa, siku hiyohiyo, uwanja huohuo. Pombe yenu sinywi, nitaleta uji wangu. Omba kibali. Wakikunyima, panda treni Tabora. Treni inataka tiketi, haiulizi kibali.

Mama mwenzio,
Mwanvua


Ulyankulu, 19 Septemba 1980

Dada Mwanvua,

Amahoro. Nilifika salama, ila si nyumbani moja kwa moja.

Bado naiona siku ile uwanjani. Jina la mwisho lilisomwa, watu wakaanza kujikung'uta waondoke, ukanivuta tukasimama. Sauti yangu sikuijua: "Gasper, mwana wa Honorata na Mwanvua!" Nikadhani watatuzomea. Wale wauza migebuka wenzako wakasimama wote. Karani wako akakunja karatasi yake. Uji wako ulikuwa umeungua, dada, lakini niliunywa wote.

Kurudi, walinikamata kwenye kizuizi cha kuingilia kambini. Ofisa akafungua kitabu. Kosa: kutoka bila kibali. Akauliza, ulikwenda kufanya nini? Nikasema, nilikwenda kumtaja mwanangu Gasper, askari wa nchi hii, aliyefia vitani. Akaandika "msiba". Nikamwambia hapana, andika nilivyosema. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Akaandika.

Adhabu yangu ilikuwa kufagia ofisi siku saba. Kila asubuhi nilimwomba anisomee ule mstari, na kila asubuhi alinisomea. Siku ya saba aliusoma amesimama.

Mwambie karani wako jina limo kwenye kitabu cha serikali. Martini ameliona, anasema hata mwandiko ni mzuri.

Adhabu iliisha jana. Leo nimelima.

Mama mwenzio,
Honorata